Baraka za Kidole Kimoja

Jumatatu, 10 Machi

Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuandika mambo yangu mahali, kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumwambia. Jioni nikimaliza vyombo nilikuwa naketi kwa kistuli karibu na Baba Naeku, namweleza siku yote ilivyoenda, hata bei ya sukuma wiki, na yeye ananijibu kwa ile sauti yake nene, ananitania. Sasa sauti imetolewa. Na mambo niliyo nayo rohoni mengi ni juu yake mwenyewe. Kwa hivyo, Baba wa mbinguni, nayaweka hapa, wewe usome.

Wacha nieleze hali ilivyo. Parmuat, mume wangu, alipasuliwa koo mwezi wa kwanza. Uvimbe ulikuwa umeshika mahali sauti inatoka, wakapaondoa pote, na sasa anapumua kwa kishimo hapa chini ya shingo. Mimi ndiye ninakiosha na kukifunika na kitambaa cheupe. Hawezi kutoa neno, hawezi hata kupuliza chai ipoe. Wiki iliyopita tulirudi kliniki, na daktari akatuambia polepole kwamba uvimbe umerudi na safari hii hawatakata tena. Baba Naeku akaomba kalamu akaandika, "Nitafika Aprili?" Daktari akasema, "Tuombe Mungu, mzee."

Aprili ni kwa sababu ya Naeku, mtoto wetu wa pekee, mwalimu huko Kajiado. Tarehe kumi na mbili familia zitakutana nyumbani kwa shemeji Saruni, kaka mkubwa wa mume wangu, ili Naeku na kijana wake Musila watambuliwe. Kwao Wamaasai, siku hiyo ndiyo baba hubariki binti. Na huyu mume wangu amebariki mabinti wa watu kutoka Isinya hadi Namanga. Walikuwa wanakuja kumchukua hapa Kitengela na gari, kwa sababu ya ile sauti. Je, wa kwake abarikiwe na nani? Shemeji Saruni alisema atafanya kwa niaba, ndiyo kazi ya kaka. Baba Naeku aliandika kwa herufi kubwa: HAPANA. NI MIMI.

Alhamisi, 13 Machi

Musila ametengeneza programu na kuiweka kwa simu ya Baba Naeku. Unaandika maneno ndani ya kisanduku, unabonyeza alama ya spika, simu inayasema. Naeku alitueleza kwa simu namna ya kuitumia.

Sauti ni ya msichana, kama wale wa kusoma habari. Baba Naeku aliandika kwa kidole kimoja, akachukua muda mrefu, nami nikangoja nisikie neno lake la kwanza tangu Januari. Simu ikasema, kwa heshima kabisa, "Mama Naeku, chai haina sukari."

Nilicheka mpaka nikaenda kusimama nyuma ya tangi la maji, na huko kicheko kikageuka.

Huyu kijana sijamwelewa bado. Ni Mkamba kama mimi, mpole, anakuja kanisani. Lakini kazi yake ni kukaa. Kutwa yuko kwa laptop katika kile chumba alichopanga karibu na soko. Shemeji Saruni humwita "yule wa kukaa." Na mimi siwezi kumuuliza mengi, maana kwetu Ukambani mama mkwe na mkwe wana nthoni, ile heshima ya kuepukana. Hamshikani mikono, hamketi mkatazamana, hamli chakula pamoja. Naeku anasema ni mambo ya zamani. Labda, lakini nililelewa nayo na naishika.

Jumanne, 18 Machi

Kibodi ikifunguka kwa simu inapanda na kufunika kile kisanduku. Mzee anaandika bila kuona anachoandika, kama mtu aliyefungwa macho. Simu ikasema kitu ambacho si Kiswahili wala Kimaasai. Nikamwambia Naeku, Naeku akamwambia Musila, na kabla mbuzi warudi zizini kisanduku kilikuwa kinajisukuma juu chenyewe. Kumbe kwa huko kukaa kuna kazi ndani.

Jumatano, 19 Machi

Upepo na vumbi. Amekula uji nusu kikombe.

Jumamosi, 22 Machi

Leo amekasirika sana, na hasira ya mtu asiye na sauti inatisha kuliko kelele.

Alikuwa anaandika barua ya sauti kwa Naeku. Badala ya "binti yangu" akaandika "binti yau." Akaona kosa, akagusa pale katikati, na ule mstari mdogo unaopepesa ukafika pale vizuri. Akaandika n, ikaingia mahali pake. Akaandika g, na g ikaenda ikaanguka mwisho kabisa, baada ya maneno yote. Mstari ulikuwa umeruka. Akafuta, akarudia. Ukaruka tena. Akafuta yote, akaanza upya, akakosea mahali pengine, ukaruka. Akatupa simu kwa blanketi na kugeukia ukuta.

Nilimwambia Naeku amwambie Musila, "inaruka." Naye Musila akafikiri ni ukurasa unaoruka, akarekebisha ukurasa, na mstari ukabaki na tabia yake. Jioni nikamwambia Naeku tena, naye akasema, "Mum, si umwambie wewe mwenyewe tu? Mimi sijui nyinyi mnaona nini huko." Maneno yake yalinibakia. Mzee ana siku zinazohesabika, na mimi nalinda kiti changu kisiangaliane na cha mtu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imeanza. Mbele ya nyumba ni tope jeusi tupu.

Jumamosi, 29 Machi

Musila amekuja mwenyewe. Alivua viatu vya tope akaketi kwa varanda na laptop magotini, mimi nikakaa jikoni, mlango tukauacha wazi kidogo. Hivyo sikumwona na hakuniona, na nadhani hata mama yangu mzazi angekubali.

Akaniuliza, "Mama, ule mstari unaruka kabla ya herufi kutokea, ama baada?"

Sikuwa nimefikiria. Nikaenda chumbani nikamwomba Baba Naeku aandike polepole nitazame. Nikarudi jikoni nikasema, "Baada. Herufi inatokea, kisha mstari unakimbia."

Nikamsikia anacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekuta ufunguo mfukoni mwake.

"Basi ni mimi, Mama. Mzee akiandika kila herufi, programu yangu inachukua maneno yake yote, inayasafisha, halafu inayarudisha. Yakirudishwa, simu haikumbuki tena alikuwa wapi. Inampeleka mwisho."

Nikamuuliza inayasafisha nini.

"Anaachanga nafasi mbili mbili kati ya maneno. Nilitaka yasomeke vizuri."

"Na kwa nini unamsafisha mtu kabla hajamaliza kusema?"

Ilinitoka tu hivyo, nikajuta, maana ni mgeni na ni mkwe. Lakini yeye akasema pole, hakuwa ameliona hivyo, na kwamba atayasafisha baada ya mzee kubonyeza spika, si kabla. Nilimpitishia chai kwa ule upenyo wa mlango. Alipoondoka Baba Naeku alijaribu: akakosea makusudi katikati ya sentensi, akarudi, akaingiza herufi moja, mbili, tatu. Mstari ukatulia pale pale kama ng'ombe anayekamuliwa na mtu anayemjua.

Jumatano, 2 Aprili

Mchungaji Emmanuel alikuja kutuombea. Baba Naeku akataka kumshukuru, akaandika Enkai, yaani Mungu kwa lugha yao, na simu ikabadilisha yenyewe. Ile sauti ya msichana ikamwambia mchungaji, "Enjoy awabariki nyote." Mchungaji alishika Biblia yake akacheka mpaka machozi, akasema Bwana ameshayasikia majina mengi. Baba Naeku pia mabega yalitikisika. Hiyo ndiyo namna yake ya kucheka sasa.

Musila amezima hiyo tabia ya simu kujifanya inajua. Safari hii nilimwambia kwa simu mwenyewe.

Jumamosi, 5 Aprili

Bwana, leo nilikaribia kukuuliza kwa nini.

Tangu baada ya chai ya asubuhi mzee alikuwa kitandani anaandika baraka za Naeku. Aliniashiria nisimsemeshe. Kila nikipita mlangoni naona kidole kinashuka, kinapumzika, kinashuka. Vidole vimevimba, na wakati mwingine anakosa herufi akalazimika kufuta neno zima. Mchana hakutaka chakula. Mbuzi walikuwa wanarudi aliponiita kwa mkono nije nisikie.

Hapo hapo simu hiyo hiyo ikalia. Ni shemeji Saruni, anaulizia hema la sherehe. Nikaongea naye kidogo nikakata. Baba Naeku akafungua programu yake, na kisanduku kilikuwa cheupe. Hakuna hata neno.

Nilimwona anageuza simu na kuiangalia nyuma, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Kisha akalia. Mtu aliyetolewa sauti hulia kwa hewa tu, inatoka kwa kile kishimo, na kitambaa kinapanda na kushuka. Sijawahi kusikia kitu kama hicho, na sitaki kusikia tena.

Nilimpigia Musila. Alifika na boda boda, amelowa. Alitafuta kwa simu, akatafuta kwa laptop, kisha akaja kusimama karibu na mlango wa jikoni. "Mama, hayakuwekwa mahali popote. Nilidhani mtu anaandika na kubonyeza papo hapo. Sikujua mtu anaweza kukaa na maneno siku nzima."

Hakuondoka mpaka alipomaliza kuitengeneza. Sasa kila herufi inawekwa saa ile ile inapoguswa. Alipiga simu ya mzee mara kwa mara, akaizima, akaiwasha, na maneno ya kujaribu yalikuwa bado yapo. Ya asubuhi ndiyo hayakurudi. Baba Naeku alimshika mkono, akamwandikia, "Nitaandika tena. Yalikuwa na makosa."

Hayakuwa na makosa. Nilimwona akiyarekebisha.

Alhamisi, 10 Aprili

Ameandika tena. Alinibonyezea nisikie nikiwa napanga nguo za Jumamosi. Nzuri sana. Nilisema tu, "Nzuri sana."

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikiwa bado na kitenge cha sherehe.

Nyumbani kwa Saruni, nje ya Kajiado, mvua ilikuwa imeacha majani mabichi kila mahali na watu walisema ni dalili njema. Baba Naeku alivaa suti na shuka nyekundu juu, akaketi kwa kiti cha mbele. Upande wa Musila walikuja na heshima zao zote. Naeku akapiga magoti. Baba yake alishika majani mkononi, kibuyu cha maziwa kikiwa miguuni. Kawaida mzee huchukua maziwa mdomoni akampulizia binti kifuani, lakini yeye mdomo wake hauna pumzi tena, kwa hivyo angenyunyiza kwa majani. Simu iliunganishwa na spika ya kanisa. Kila mtu akanyamaza, naye akabonyeza.

Sauti ya msichana ikaanza. "Naeku, Enkai akupe njia yenye majani." Wazee wakafungua midomo kuitikia, "Naai." Lakini kabla hawajafunga, sauti ilikuwa tayari kwa mstari wa pili. Naai yao ikaangukia juu ya baraka ya maziwa. Wakajaribu tena, wakaangukia juu ya ile ya watoto. Wengine wakangoja, wengine wakawahi, wakapotezana. Sauti haikujali. Ilienda mbele, wazi na safi, kama taarifa ya habari, baraka baada ya baraka bila kushika pumzi. Baba Naeku alibonyeza isimame, haikusimama. Wazee wakaacha kuitikia mmoja mmoja. Mistari ya mwisho msichana aliisema peke yake, na ikaisha, na tukasikia kondoo.

Kwa mtu asiyejua nieleze. Baraka za Wamaasai ni za watu wawili. Mzee anasema neno, watu wanaitikia Naai, yaani Mungu na asikie, na hapo neno limefungwa. Ndipo anasema lingine. Lisiloitikiwa linabaki linaelea.

Shemeji Saruni alisimama, akasema kwa sauti ya chini, "Haikushika." Akataka kurudia yeye, kwa kinywa chake. Baba Naeku akatikisa kichwa. Saruni akamwinamia akamwambia kitu kwa Kimaasai, naye akatikisa tena. Majani yalikuwa bado makavu mkononi mwake. Basi watu wakala, wakaondoka, na binti yangu akarudi kuvua shanga bila kubarikiwa.

Musila alikuwa amesimama kando ya spika wakati wote. Usoni mwake niliona hakujua kilichoharibika. Kwake kila kitu kilikuwa kimefanya kazi.

Jumapili, 13 Aprili

Hakugusa simu. Nimeenda kanisani nikakaa kiti cha nyuma.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakugusa.

Jumatano, 16 Aprili

Musila amekuja. Alisimama varandani akasema kupitia mlango, "Mama, naomba unieleze nilikosea wapi. Naeku analia tu. Nimesoma kazi yangu mstari kwa mstari, sioni."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Naeku alidhani ameona kwa harusi nyingine. Baba Naeku hakufikiri kuna mtu duniani asiyejua Naai. Na mimi, siku ile ya Alhamisi aliponisikilizisha, sikuitikia, kwa sababu baraka za kujaribu haziitikiwi, ni kama kusema amina kwa mchungaji anayefanya mazoezi. Ningeitikia mara moja tu, tungejua.

Nikafungua mlango wote. Nikamwambia aingie, akaketi, nami nikaketi mbele yake, macho kwa macho. Nthoni nilimwomba Mungu anishikie huko nje kidogo.

Nilimfundisha vile mimi nilifundishwa nilipoletwa katika nyumba hii nikiwa bibi harusi nisiyejua Kimaasai. Nikawa mzee, yeye akawa watu. Nikasema, "Enkai akupe uzima."

"Naai?"

"Usiulize, mwanangu. Unakubali."

"Naai."

"Nyumba yako isikose moto."

"Naai."

Tuliendelea mpaka ikawa haanzi kufikiri kabla ya kuitikia. Kisha akasema anaweza kuiambia simu inyamaze kidogo baada ya kila mstari. Nikamwambia hapana. Kidogo ya nani? Kuna ajuza masikio yamekufa, anaitikia wa mwisho, na mzee humngoja. Mzee mwenyewe ndiye anajua wakati neno limeshika.

Akainamisha kichwa. "Basi nimwachie yeye. Akiandika mstari akigusa ule ufunguo wa kushuka chini, simu iseme huo mstari tu, halafu ingoje. Isiendelee mpaka aandike tena."

Akaingia chumbani kumweleza mzee. Nilisikia kimya kirefu, kisha sauti ya msichana: "Kijana, leta hiyo kitu tuone."

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Amefufuka kweli. Mzee hakuweza kuja kanisani. Maziwa sasa yanapita kwa shida, anameza na kufumba macho. Mkono unatetemeka, kila herufi inatoka mara mbili, na Musila ameifanya simu isihesabu mguso wa pili ukifuata upesi sana. Lakini sasa "saa" inakuwa "sa." Alituomba msamaha, akasema hapa inabidi achague. Mzee aliandika, "Wataelewa."

Jumapili, 27 Aprili

Nilimpigia shemeji Saruni. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilidhani siku ile alimdharau ndugu yake kwa sababu ya simu, na kumdharau Musila kwa sababu ni Mkamba na kazi yake ni ya kukaa, na kunidharau mimi pia kidogo, kama zamani. Nikamwambia Baba Naeku hawezi tena safari ya Kajiado, njia imeharibika na yeye ameisha, na kwamba anataka kumbariki Naeku hapa nyumbani, upesi.

Akasema, "Mama Naeku, mimi sikuchukia simu. Huyo nilimfundisha kutembea. Niliogopa watu wamwone akishindwa."

Akasema atakuja Jumamosi na atabeba majani kutoka kwake, maana huku Kitengela kumebaki mawe na nyumba.

Jumamosi, 3 Mei

Asubuhi mvua ilinyesha kwa mabati hata tukadhani hatutasikia kitu. Kisha ikaacha.

Tulikuwa wachache. Tulileta godoro sebuleni, nikamwegemeza Baba Naeku kwa mito, nikambadilishia kitambaa. Saruni alikuwa amefika na majani mabichi ndani ya gazeti na maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Mchungaji Emmanuel alikaa karibu na dirisha, dada wawili wa kanisa pembeni. Naeku alipiga magoti upande wa godoro, na Musila nyuma yake, hajui aweke mikono wapi.

Hakukuwa na maneno yaliyoandikwa mapema. Mzee alikataa. Alitaka kuandika mbele yetu.

Kidole kikaanza. Sijui ilichukua muda gani, lakini hakuna aliyekohoa. Halafu akagusa ule ufunguo, na sauti ikasema:

"Naeku, mtoto wa nyumba hii."

"Naai," tukasema. Simu ikangoja. Yeye mwenyewe aliangalia kila uso kwanza, akahakikisha, ndipo akashusha kidole tena.

"Enkai akupe njia yenye majani."

"Naai."

"Unyayo wako usikanyage mwiba."

"Naai." Saruni alikuwa anaitikia kutoka tumboni, kwa ile sauti nene ya familia yao. Nikafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nikaisikia sauti ya mume wangu ikiwa mahali ndani ya chumba.

"Unuke vizuri kwa watu kama majani ya leleshwa."

"Naai."

Mstari uliofuata alikosea katikati. Tulimwona anasimama, anatafuta mahali, anagusa, anakosa, anagusa tena. Naeku akanyoosha mkono amsaidie. Musila akamzuia begani, akamnong'oneza, "Mwache amalize." Nasi tukangoja. Mstari mdogo ulikaa pale alipouweka, akaingiza herufi zake, akagusa ufunguo.

"Mama yako alinipenda kama mtu wake. Wewe pia upendwe hivyo."

Sikuweza kutoa Naai. Wengine walinitolea.

"Musila ni wa hapa."

Hapo Saruni aliitikia kabla ya sisi sote, na kwa nguvu, mpaka Musila akaangalia chini. "Naai," tukamfuata.

Akaashiria majani. Saruni akayachovya ndani ya maziwa akayaweka mkononi mwake, akamshikia kifundo cha mkono, na pamoja wakanyunyiza, kichwani pa Naeku, kifuani, kisha kichwani pa Musila. Matone mengine yalianguka kwa simu, nikapangusa na leso. Tulijua sasa imeshika. Dada wa kanisa alianza hata kuvuta pumzi ya wimbo.

Lakini mzee akachukua simu tena. Akaandika. Tukanyamaza, tukainamisha vichwa tungoje baraka nyingine. Kidole kilikuwa kizito sasa, kinashuka kama kinabeba kitu. Akagusa.

Sauti ikasema, "Sasa nimechoka. Nataka kulala."

"Naai," tukasema.

Sote, kwa pamoja, na kwa moyo wote, kama vinywa vilivyokuwa vimezoea. Ndipo masikio yakafika. Naeku alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mchungaji alitazama dirisha. Shemeji Saruni, mzee mzima, alikaa chini sakafuni kando ya godoro.

Baba Naeku alituangalia mmoja mmoja, vile alivyofanya baada ya kila baraka, kuhakikisha kama neno limeshika. Na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Nilimshusha kwa mito, nikamfunika shuka, akalala mpaka jioni.

Alhamisi, 8 Mei

Asubuhi, chai ikiwa bado mezani, Mungu amemchukua Baba Naeku. Tangu Jumamosi hakugusa simu tena. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Mvua.

Jumamosi, 17 Mei

Tulimzika jana, kwa kaka yake, mahali penye majani. Musila alibeba jeneza mbele, bega kwa bega na Saruni. Harusi itakuwa Agosti vile ilivyopangwa. Saruni ndiye aliyesema hivyo mbele ya watu, akasema binti alishabarikiwa na baba yake na hakuna neno la kuongeza.

Leo Naeku alikuja jikoni akaketi kwa kile kistuli changu. Akasema, "Mum, tulimruhusu aende. Sisi wenyewe." Alikuwa ameibeba tangu siku ile. Nilimwambia hata mimi nimelia juu yake, na kwamba baba yake alibariki watu maisha yake yote bila mtu kumuuliza yeye anataka nini. Siku moja aliomba kitu chake, na akaangalia nyuso zetu, na akacheka. Sijui kama nimemjibu. Alilaza kichwa magotini mwangu na mboga ikaungua.

Watu wanakuja kutoa pole, na wote wanaulizia maneno yake ya mwisho, maana alikuwa mtu wa maneno. Nawaambia ukweli. Aliomba kulala, na sisi sote tukasema Naai.